Vidoa vya Simba na Uchaguzi wa Lenzi ya Kuvuta Mbali

Simba jike amelala chini ya mgunga, mita 50 kutoka barabarani. Ni saa moja na nusu asubuhi, na ndani ya gari lililosimama wamo wapiga picha wawili wenye kamera za aina moja. Wote wawili wanampiga picha simba yule yule, kwa wakati ule ule, kupitia dirisha lile lile. Jioni, picha zao zinapotazamwa katika kompyuta, ya kwanza inapendeza: yaonyesha simba, mti, na nyasi zenye umande. Lakini vidoa vidogo vilivyo juu ya mdomo wa mnyama, mashinani mwa sharubu, vimechanganyika vikawa utando wa kijivu. Katika picha ya pili vidoa hivyo vinahesabika kimoja kimoja. Kwa mtalii tofauti hiyo si kitu. Kwa mtafiti ambaye hana budi kuandika daftarini kama simba huyu ndiye yule wa juzi au ni mwingine, picha ya kwanza haina faida yoyote. Akikisia, simba mmoja aweza kuhesabiwa mara mbili, au wawili wakahesabiwa kuwa ni mmoja, na hesabu ya kundi zima ikapotoka.

Kamera ni za aina moja. Kilichotofautiana ni lenzi. Swali la lenzi ipi inunuliwe huwakabili wanafunzi wa vyuo vya wanyamapori, maofisa wa hifadhi, waongozaji wa watalii na watu wengine wengi ambao fedha zao zatosha lenzi moja tu. Majibu wanayopewa madukani aghalabu huishia katika namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa lenzi, kana kwamba iliyo kubwa zaidi ndiyo bora daima. Jibu la kisayansi huanzia upande wa pili, kwa mnyama mwenyewe: alama inayotafutwa ina ukubwa gani, na mpiga picha anaruhusiwa kuikaribia kwa umbali gani?

Kitambulisho cha mnyama

Madoa ya twiga na milia ya pundamilia hutofautiana baina ya mnyama na mnyama, kama alama za vidole zitofautianavyo baina ya mtu na mtu. J. Bristol Foster aliutumia ukweli huo katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mwaka 1966 alichapisha taarifa ya utafiti wa twiga aliowatambua mmoja mmoja kwa madoa ya shingo zao. Hakukuwa na haja ya kuwakamata wala kuwatia alama za rangi, picha zilitosha.

Simba aliyekomaa hana milia wala madoa ya kuonekana kwa mbali. Hata hivyo, kila upande wa mdomo wake mashina ya sharubu yamepangika kwa safu, na juu ya safu ya juu iliyo kamili huwapo vidoa vichache vilivyokaa peke yake. Mahali vilipo vidoa hivyo vichache, vikilinganishwa na vile vya safu iliyo chini yake, ndipo penye utambulisho. Mwaka 1970 Colin Pennycuick, mtaalamu anayejulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa namna ndege warukavyo, pamoja na Judith Rudnai, aliyewachunguza simba wa hifadhi hiyo hiyo ya Nairobi, walichapisha njia ya kuwatambua simba kwa vidoa hivyo. Hawakuishia kusema kwamba vidoa hutofautiana. Walikokotoa uwezekano wa simba wawili kuwa na mpangilio mmoja, ili mtafiti ajue ni wakati gani aweza kuuamini utambuzi wake na ni wakati gani anapaswa kutafuta alama nyingine ya nyongeza. Kwa kuwa upande wa kulia haufanani na wa kushoto, kila simba alihitaji picha mbili.

Huko Serengeti, ambako George Schaller alianza kuwachunguza simba mwaka 1966, na ambako Craig Packer na Anne Pusey waliupokea utafiti huo mwaka 1978, vidoa vya sharubu vimetumika pamoja na mipasuko ya masikio na makovu ili kumfuatilia simba tangu utoto wake hadi kifo chake. Kwa kumbukumbu za namna hiyo imewezekana kujua nani ni mama wa nani, na ni dume gani lililofukuzwa likahamia kwingine.

Pundamilia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya ametoa mfano mwingine, ambao uliwahusisha watu wasio wanasayansi. Mwishoni mwa Januari 2016 mamia ya watu wa kujitolea walitawanyika kwa siku mbili katika makazi ya mnyama huyo, wakapiga picha za upande wa kulia wa kila pundamilia waliyemwona. Kompyuta ikalinganisha milia na kuwatenga wale waliopigwa picha zaidi ya mara moja. Makadirio yaliyopatikana yalikuwa pundamilia 2,350. Zoezi lililorudiwa mwaka 2018 lilitoa 2,812. Hesabu hizo ndizo zinazotumiwa kupima kama mnyama aliye hatarini kutoweka anaongezeka au anapungua, na kila moja imejengwa juu ya makumi ya maelfu ya picha zilizopigwa kwa lenzi za kila namna.

Kutoka mzigo wa wapagazi hadi mkoba mmoja

Haja ya kuvuta mbali si mpya. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka na kamera katika nchi ya Wamaasai na pande za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20, na kitabu chake chenye picha za wanyama kilitoka mwaka 1905. Vyombo vyake, pamoja na vioo vya kupigia picha na taa za usiku, vilikuwa mizigo ya kubebwa na wapagazi.

Lenzi ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 500 ingehitaji bomba la karibu nusu mita. Mwaka 1891 Thomas Rudolphus Dallmeyer wa Uingereza na Adolf Miethe wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta namna ya kulifupisha. Mbele waliweka kundi la vioo vinavyokusanya nuru, kama ifanyavyo lenzi iliyovimba katikati. Nyuma yake wakaweka kundi linaloitawanya kidogo nuru hiyo. Matokeo yake ni kwamba nuru hukutana kana kwamba imetoka katika lenzi iliyo mbali zaidi kuliko ilivyo kweli. Hiyo ndiyo lenzi ya telefoto: bomba fupi linalotenda kazi ya bomba refu.

Lenzi ya zumu ni jambo jingine, ingawa watu wengi huyachanganya hayo mawili. Zumu ni uwezo wa kuubadili urefu wa fokasi kwa kuyasogeza baadhi ya makundi ya vioo ndani ya bomba, bila kubadili lenzi. Mwaka 1959 ilitoka Zoomar ya kampuni ya Voigtländer, yenye milimita 36 hadi 82, na mwaka huo huo Nikon ilitoa yake ya milimita 85 hadi 250. Lenzi yaweza kuwa ya telefoto bila kuwa zumu, au ikawa zumu bila kuvuta mbali hata kidogo. Zinazozungumzwa hapa zina sifa zote mbili.

Hesabu ya kidoa

Kanuni inayotawala jambo hili ni rahisi mno kiasi cha kushangaza kwamba haitajwi madukani. Ukubwa wa taswira ndani ya kamera hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa kitu kwa urefu wa fokasi, kisha kugawanya kwa umbali wa kitu hicho. Ikichukuliwa kwamba kidoa cha sharubu kina upana wa milimita 5, na simba yuko mita 50, yaani milimita 50,000, basi lenzi ya milimita 200 itatoa taswira ya kidoa yenye upana wa milimita 0.02, ya milimita 300 itatoa 0.03, na ya milimita 500 itatoa 0.05.

Vipimo hivyo havina maana mpaka vilinganishwe na kihisio, yaani kile kibamba kilicho ndani ya kamera ya dijitali ambacho kimechukua nafasi ya filamu. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisio chenye upana wa milimita 23.5 hivi. Kikiwa na pikseli milioni 24, huwa na pikseli 6,000 kwa upana, na kila moja ina upana wa karibu milimita 0.004. Kwa hiyo kidoa cha simba kitapata pikseli 5 kwa lenzi ya kwanza, 7 au 8 kwa ya pili, na 12 au 13 kwa ya tatu.

Je, zahitajika ngapi? Kinadharia pikseli mbili zatosha kuonyesha kwamba kuna kitu. Lakini nuru yenyewe haikubali kukusanywa katika nukta kamili: kwa tundu la f/5.6 kila nukta ya nuru hutanda na kuwa kiduara chenye upana wa milimita 0.007 hivi, sawa na karibu pikseli mbili, hata kama lenzi haina kasoro yoyote. Ongeza mtikisiko mdogo, vumbi la hewani, na fokasi iliyokosewa kidogo. Kwa kazi ya kutambua, ambapo haitoshi kukiona kidoa bali lazima kitenganishwe na jirani yake, ni busara kudai pikseli 10. Kwa kipimo hicho lenzi ya milimita 200 yafaa simba akiwa ndani ya mita 25. Ya milimita 300 yafaa hadi mita 37. Na ya milimita 500 hadi mita 62. Mahali ambapo gari haliruhusiwi kuiacha barabara, mita hizo 25 za ziada kati ya lenzi ya pili na ya tatu ndizo ziamuazo kama simba wa asubuhi hiyo ataingia daftarini kwa jina au kwa alama ya kuuliza.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa pundamilia, jibu hugeuka. Mlia wenye upana wa milimita 30, ukitazamwa kutoka mita 100 kwa lenzi ya milimita 300, hupata pikseli zaidi ya 20. Ni tele. Tatizo la pundamilia ni kinyume chake: mwili wa yule wa Grevy una urefu wa mita mbili na nusu au zaidi, na lenzi isiyoweza kushuka chini ya milimita 200 huona upana wa mita 2.35 tu kwa umbali wa mita 20. Mnyama akija karibu na gari, hatoshi katika picha, na kompyuta itapewa bega bila paja. Anayehesabu pundamilia kwa lenzi ndefu na ghali atakuwa amelipa ili ajitie taabu.

Lenzi tatu za kamera moja

Ili mambo yasibaki hewani, zichukuliwe lenzi tatu za Nikon ambazo zaingia katika kamera moja. Watengenezaji wengine wana zinazokaribiana nazo. Ya kwanza ni ile ya milimita 70 hadi 300 ya kundi la AF-P DX, iliyotolewa mwaka 2016. Ina uzito wa gramu 415 tu, na ikivutwa hadi mwisho tundu lake ni f/6.3. Ya pili ni ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 kwa urefu wote, ya mwaka 2016 pia, ambayo ndani yake mna kioo cha floraiti cha kupunguza michirizi ya rangi. Uzito wake ni gramu 1,430. Ya tatu ni ya milimita 200 hadi 500 yenye f/5.6 kwa urefu wote, iliyotolewa mwaka 2015, yenye uzito wa kilo 2.3 pamoja na pete yake ya kufungia stendi. Zilipotolewa, bei zake katika Marekani zilikuwa takriban dola 400, 2,800 na 1,400. Ya katikati kwa urefu wa sifa ndiyo ya juu kwa bei, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Sifa ya f/2.8 ni ya kweli, ila yaeleweka vibaya. Namba ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu kama lionekanavyo kutoka mbele. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo kila sehemu ya kihisio inavyopata nuru zaidi, f/2.8 hutoa nuru mara nne ya f/5.6. Mpiga picha wa harusi au wa mpira wa miguu usiku, ambaye aweza kusogea hadi mchezaji aijaze picha, ana haki ya kuitamani. Mtafiti wa simba hawezi kusogea. Kwake yeye swali ni hili: kati ya nuru yote inayotoka katika ule mdomo wa simba ulio mita 50, ni kiasi gani kinachoingia ndani ya kamera? Kiasi hicho hakitegemei namba ya f, bali hutegemea upana wa tundu lenyewe kwa milimita, kama vile maji ya mvua yanayokusanywa hutegemea upana wa mdomo wa ndoo.

Basi zigawanywe namba. Milimita 200 kwa 2.8 ni tundu la milimita 71. Milimita 500 kwa 5.6 ni tundu la milimita 89. Milimita 300 kwa 6.3 ni tundu la milimita 48. Eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa hiyo lenzi ile inayodharauliwa kuwa ni ya giza, ya milimita 500, hukusanya kutoka kwa simba huyo nuru mara moja na nusu kuliko ile ya dola 2,800, na mara tatu na nusu kuliko ile ndogo. Nuru hiyo imetandazwa juu ya pikseli nyingi zaidi, ndiyo maana kila pikseli yaonekana kupata kidogo; lakini simba kwa ujumla wake amepata zaidi. Kwa mtu asiyeweza kumkaribia mnyama, kipenyo cha tundu kwa milimita ni kipimo cha haki kuliko namba ya f, na msomaji aweza kukikokotoa mwenyewe dukani kwa lenzi yoyote bila kuuliza mtu.

Kipimo hicho pia hufichua maana ya namba za ajabu zinazoandikwa kwenye kamera zenye lenzi isiyotoka. Nikon P900 ya mwaka 2015 ilitangazwa kwa milimita 2,000. Urefu wake halisi wa fokasi ni milimita 357. Hizo 2,000 ni ulinganifu tu na kamera yenye kihisio kikubwa cha milimita 36. Tundu lake kwa urefu huo ni f/6.5, yaani milimita 55. Hupokea nuru zaidi kidogo ya ile lenzi ndogo ya milimita 300, wala haifikii ile ya 500. Si chombo kibaya kwa mnyama aliyetulia mchana, na pikseli zake ndogo humpa kidoa nafasi ya kutosha. Lakini jua likishuka, kihisio chake kidogo huchoka mapema. Ama zile zumu za simu ambazo hukuza picha kwa kukata ukingo na kuitanua sehemu iliyobaki, hizo haziongezi hata pikseli moja ya ukweli.

Hali ikiwa hiyo, kwa vidoa vya simba hukumu yaangukia lenzi ya tatu, kwa masharti yatakayotajwa. Kwa pundamilia, twiga na tembo, ambao alama zao ni kubwa, lenzi ya kwanza yatosha, na wepesi wake ni faida kwa mtu anayetembea kwa miguu siku nzima na chupa ya maji. Ile ya pili ni lenzi nzuri kuliko zote tatu kwa kazi nyingine. Yaweza kufungiwa kirefusho cha mara mbili ikawa ya milimita 400 na f/5.6, lakini tundu labaki milimita 71 zile zile, na vioo vya ziada hupunguza ukali wa picha.

Yasiyotibiwa na lenzi

Urefu hukuza kila kitu, mtikisiko ukiwemo. Desturi ya zamani husema kwamba kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa fokasi. Kwa kamera zenye kihisio cha milimita 23.5 namba hiyo huongezwa nusu yake. Kwa milimita 500, basi, kasi iwe angalau sehemu moja ya 750 ya sekunde. Vizuia mtikisiko vilivyomo ndani ya lenzi, ambavyo Canon ilikuwa ya kwanza kuvitia katika lenzi ya kubadilishwa mwaka 1995, husaidia sana dhidi ya mkono unaotetemeka. Havisaidii lolote dhidi ya simba anayehema. Simba aliyeshiba, juani, huhema kwa haraka hata mdomo wote ukawa unachezacheza, na hapo kasi ya shata ndiyo dawa pekee. Injini ya gari nayo lazima izimwe. Badala ya stendi ya miguu mitatu, ambayo haina mahali pa kusimama ndani ya gari, mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage na kuwekwa dirishani huishika lenzi ya kilo mbili imara kuliko mkono wowote. Safari ikiisha, maharage hayo hupikwa.

Adui mkubwa zaidi ni hewa. Ardhi inapopata joto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mawimbi yenye uzito usio sawa, na nuru ipitayo humo hupinda huku na huku. Jambo hilo huonekana hata kwa macho matupu juu ya barabara ya lami wakati wa adhuhuri. Kwa lenzi ndefu huonekana mapema zaidi, pengine kuanzia saa tatu asubuhi katika mbuga kavu, na kadiri simba alivyo mbali ndivyo nuru inavyopita katika hewa hiyo chafuchafu kwa urefu zaidi. Watu wengi wameirudisha lenzi nzima dukani wakidai ni mbovu, kumbe waliijaribu saa saba mchana. Kwa sababu hiyo zile mita 62 zilizokokotolewa ni za alfajiri na asubuhi. Saa sita mchana mwenye milimita 500 na mwenye milimita 300 wamekaribia kuwa sawa, na wote wawili wafanya vyema kunywa chai.

Vumbi na unyevu hushambulia kwa taratibu. Lenzi inayorefuka inapovutwa, kama zilivyo ya kwanza na ya tatu, huvuta hewa ndani kama mvukuto, na vumbi la barabara za changarawe huingia pamoja nayo. Ile ya 70 hadi 200 husogeza vioo vyake kwa ndani bila kurefuka, na kwa hilo yastahili kusifiwa. Pwani, tatizo ni kuvu. Katika Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi kwa miezi kadhaa huota nyuzi nyeupe kati ya vioo, na kuvu hiyo hutoa asidi inayokula utando wa kioo. Kinga yake ni kisanduku kisichopitisha hewa chenye vifuko vya silika, na nuru ya jua mara kwa mara.

Kabla ya kulipa

Wengi watanunua lenzi iliyokwisha kutumika, na si aibu. Mnunuzi achukue tochi, aiangaze kupitia nyuma ya lenzi huku akitazama kwa mbele: vumbi kidogo ni la kusamehewa, nyuzi za kuvu si za kusamehewa. Aivute na kuirudisha pete ya zumu asikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga. Aulize pia kama lenzi hiyo yakubaliana na kamera yake, maana hapo pana mtego. Lenzi za kundi la AF-P zaingia vizuri katika kamera za Nikon za zamani kama D90 au D3000, lakini haziwezi kushika fokasi humo. Kinyume chake, lenzi za zamani zisizo na mota yake hazitajirekebisha fokasi katika kamera ndogo za D3000 na D5000 na ndugu zao, kwa kuwa kamera hizo nazo hazina mota. Mnunuzi asiyejua hayo hudhani ameuziwa lenzi iliyokufa.

Baada ya hapo jaribio lenyewe halihitaji simba. Karatasi nyeupe ichorwe kwa kalamu nyeusi safu mbili za vidoa vyenye upana wa milimita 5, vya juu vikiwa vichache na visivyolingana na vya chini, na rafiki atakayevichora asimwonyeshe mpiga picha. Karatasi ibandikwe ukutani kivulini, asubuhi na mapema, zihesabiwe hatua 60 za mtu mzima, na picha zipigwe kumi kwa kila lenzi kwa mkono na kumi juu ya mfuko wa maharage. Kisha mpiga picha akae mbele ya kompyuta, azinakili safu zile jinsi anavyoziona, na karatasi iletwe zilinganishwe.